Aliyesoma «batoto» hakukosa

Wengi wetu tunaosoma lugha za Kiafrika katika fakulte hii tutaishia mbele ya tablo, tupende tusipende. Ndiyo kazi inayotungojea. Lakini tunajifunza kwa miaka namna ya kuichambua lugha kabla hatujajifunza namna ya kuifundisha, na tunadhani hili la pili litakuja lenyewe kwa kuwa la kwanza tunalijua. Katika makala hii nataka kueleza jinsi mambo hayo mawili yalivyogongana nilipoanza kujifunza ualimu, na kosa nililolifanya katika mgongano huo. Kulisimulia ni jambo dogo. Lingeachwa, lingewapotezea watoto 11 trimestri nzima.

Staji yetu rasmi hufanyika katika shule za sekondari. Kabla ya kuianza niliomba ruhusa ya kukaa majuma sita katika shule moja ya msingi ya Katuba, hapa Lubumbashi, darasa la pili. Sababu yangu ilikuwa ya kiisimu kuliko ya kiualimu: nilitaka kumwona mtoto anavyoanza kusoma katika lugha anayoizungumza nyumbani. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inazipa lugha za taifa na lugha za mazingira nafasi katika kufundisha na kujifunza. Kwenye karatasi, basi, mtoto wa Katuba anaanza kusoma kwa lugha yake. Nilitaka kuona kama ndivyo.

Nilikuta watoto 71 wamebanana kwenye madawati. Tangu shule ya msingi ya serikali ilipofanywa ya bure mwaka 2019, madarasa ya namna hiyo hayamshangazi mtu. Mwalimu mwenye darasa alikuwa mama wa makamo. Nitamwita Madamu, kama watoto walivyomwita. Mimi waliniita Madamu mudogo.

Somo langu la kwanza lilihusu vyakula. Wote tuliopita katika kozi za didaktiki tunaijua fishi ya matayarisho: marejeo, motisha, tangazo la somo, uchambuzi, muhtasari, zoezi. Katika motisha mwalimu huuliza swali jepesi linalowaongoza watoto kwenye somo. Nikauliza kwa furaha: «Leo asubuhi mlikula nini?» Mikono minne au mitano ilipanda. Wengine wakatazama madawati yao. Kimya kikawa kirefu, mpaka Madamu aliyekuwa amekaa nyuma akauliza badala yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa, ni vitu gani vinauzwa sokoni. Darasa lote likalipuka kwa kelele. Mapumziko yalipofika hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba swali langu lilikuwa na mtoto wake, lakini mtoto huyo hakuwa katika darasa lile.

Nililiandika neno hilo katika daftari langu, na baada ya juma moja nikarudia kosa lile lile kwa upande mwingine.

Madamu alinipa kazi ya kumsikiliza kila mtoto akisoma peke yake, pembeni, ili tujue nani anasoma na nani bado. Wale wa bado wangehamishiwa upande wa dirisha, warudie silabi kuanzia ma, me, mi, mpaka mwisho wa trimestri, wakati wenzao wanaendelea na kitabu. Niliandaa karatasi yenye sentensi fupi fupi. Mbili za kwanza zilikuwa hizi: «Watoto wanacheza mpira. Vitabu viko mezani.» Juu ya fishi nikaandika lengo, kama ilivyo desturi: mwishoni mwa zoezi mwanafunzi ataweza kusoma sentensi hizo kwa usahihi. Neno «usahihi» niliandika bila kulifikiria.

Msichana mmoja wa miaka saba, wa safu ya tatu, mmoja wa wale wasemaji wa darasa, alikuja, akaweka kidole chini ya neno la kwanza na kusoma bila kusita: «Batoto banacheza mupira. Bitabu biko ku meza.»

Maneno sita, misalaba sita. Nikamwambia arudie. Akarudia vile vile. Nikamwonyesha: wa-to-to. Akanitazama, akaitazama karatasi, akasema kwa sauti ndogo «batoto». Mara ya tatu hakusema kitu. Nikaandika «bado» na kumwita anayefuata.

Aliyefuata alikuwa mvulana. Alisoma polepole, silabi kwa silabi, kama anayepanda ngazi: wa-to-to, wa-na-che-za. Kwenye mpira alijikwaa, akaendelea. Matano kwa sita. Nilifurahi. Kwa desturi tu nikamwuliza: hao watoto wanafanya nini? Akatazama dari. Nikauliza kwa Kiswahili cha nyumbani: «Batoto banafanya nini?» Akaendelea kutazama dari. Sikulipa jambo hilo uzito. Fishi yangu haikuwa na safu ya kuliandikia. Nikaweka «anasoma».

Jioni nilikuwa na orodha ya watoto 19 wa kuhamia dirishani. Nilimpelekea Madamu nikijiona mtaalamu. Aliendelea kusahihisha makaye yake, akapitisha jicho kwenye majina, akasimama kwenye jina la yule msichana na kuniuliza alikosa nini. Nikaeleza. Akasema, bila kuacha kalamu: «Ule mutoto anajua kusoma. Njo weye haujue kusikia.»

Nimeitafakari sentensi hiyo kuliko sura nyingi nilizosoma kwa ajili ya mitihani. Nieleze kwa nini alikuwa na haki, kwa maneno ya kwetu wanaisimu.

Anayesoma kwa sauti anafanya kazi mbili. Anageuza herufi kuwa sauti, na anageuza sauti kuwa maana. Yule mvulana alifanya ya kwanza peke yake. Yule msichana alifanya zote mbili, kisha akaongeza ya tatu ambayo hakuna aliyemwomba: aliigeuza ile maana kuwa lugha yake mwenyewe. Tazama neno la mwisho. Kwenye karatasi hapakuwa na «ku» popote. Ili aseme «ku meza» ilimbidi atambue neno mezani, aelewe kwamba kile kiambishi -ni cha mwisho kinaonyesha mahali, halafu aonyeshe mahali hapo kama wanavyoonyeshwa Katuba, kwa ku inayotangulia. Mtoto anayekariri hawezi kufanya hivyo, wala anayebahatisha. Msalaba wangu wa sita niliuweka mahali penye ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba anaelewa anachosoma.

Na ile misalaba mitano mingine? Hapo ndipo nilipoona aibu hasa, kwa sababu jibu lake tunafundishwa mapema katika isimu ya Kibantu. Tuchukue viambishi awali vya ngeli. Ngeli ya 2 katika Kibantu cha kale hurejeshwa kama *ba-, ya 8 kama *bi-, ya 14 kama *bu-. Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake ni Kiunguja, kina wa-, vi-, u-. Mtoto wa Lubumbashi ana ba-, bi-, bu-, sawa na majirani zake wa Kiluba, Kisanga na Cibemba wanaosema bantu au abantu. Sisemi kwamba mji wetu umehifadhi Kibantu cha kale. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910, ukajazwa na wafanyakazi wa migodi kutoka Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Rwanda na Burundi, na Kiswahili kilichozaliwa hapo kilijengwa na vinywa vya watu ambao lugha zao za kwanza zilikuwa na hiyo b. Edgard Polomé alikieleza kama mfumo wenye kanuni zake tangu mwaka 1968. Sisi tunayajua hayo, na tunaandika katika kazi zetu kwamba hakuna lahaja iliyo potofu. Halafu tunapewa kalamu nyekundu, na baada ya dakika kumi tumeyasahau yote.

Hiyo «mupira» inastahili maelezo ya pekee, kwa sababu inamgusa kila atakayefundisha kusoma katika mji huu. Njia ya silabi inamzoeza mtoto kwamba kila konsonanti hufuatwa na irabu: ma, me, mi, mo, mu. Mwezi mzima anaimba hivyo. Kisha kitabu kinafunguka, na maneno ya mwanzo kabisa, yale yanayoonekana mepesi, ni mtoto, mtu, mti. Mtoto wa Unguja haoni shida: katika kinywa chake m hiyo tayari ni silabi inayosimama peke yake, tangu alipoanza kusema. Mtoto wa Katuba hana silabi ya namna hiyo. Kwake ni mutoto, mutu, muti. Kwa hiyo anaona herufi isiyo na irabu, kinyume cha yote aliyofundishwa, mahali ambapo sikio lake linasikia irabu waziwazi. Mwalimu anasema: rahisi, soma. Si rahisi. Kwa mtoto huyo mti ni neno gumu kuliko kitabu au meza, na ningekuwa mimi ninayepanga kitabu cha kusomea cha Katanga, maneno ya ngeli ya 1 na ya 3 yasingekuja kabla ya mwezi wa tatu. Yule mvulana wa dari alijikwaa mara moja tu, na alijikwaa hapo.

Kesho yake tulianza upya, Madamu na mimi, tukiwasikiliza wote 71. Safari hii niliacha kuhesabu misalaba. Kila mtoto aliposoma tofauti na karatasi, niliandika alichosema, neno kwa neno, kama tunavyofanya utafitini. Kulipokuwa na ulinganifu wa kudumu, wa- ikawa ba- kila mara, m- ikawa mu- kila mara, sikuhesabu kosa. Lakini mtoto mmoja alisoma «dada» akasema «baba», na mstari wa pili akasoma «bibi» akasema «didi». Hapo hakuna lahaja. Ni herufi mbili zinazogeuziana mgongo na jicho bado halijazitenganisha. Huyo alihitaji kweli kusaidiwa.

Kulikuwa pia na yaliyotushinda kwa mara ya kwanza. Sentensi moja ilikuwa na neno kikombe, na kando yake nilikuwa nimechora kikombe ili karatasi ipendeze. Mtoto akasoma «kopo». Je, amesoma kikombe akasema kwa lugha ya nyumbani, kama yule wa «ku meza»? Au ameangalia picha tu? Kwa kanuni zangu zote za ulinganifu sikuweza kujua, kwa kuwa kopo na kikombe hazina kiambishi cha kulinganishwa. Madamu alifunika picha kwa kiganja, akaandika kwenye kipande kingine cha karatasi: «Kikombe kimevunjika.» Mtoto akasoma: «Kopo inavunjika.» Madamu akaondoa kiganja. Sikuwa nimefundishwa mahali popote kwamba kiganja ni chombo cha utafiti.

Katika wale 19 wa orodha yangu, 11 walikuwa wanasoma. Wanane walibaki. Wakaongezwa wanne niliokuwa nimewapitisha, yule mvulana akiwa wa kwanza: walitamka vizuri na hawakuelewa lolote. Ingekuwa orodha ya kwanza ndiyo iliyofuatwa, watoto 11 wanaojua kusoma wangeketi dirishani wakiimba ma, me, mi mpaka likizo, na wanne wasioelewa wangeendelea na kitabu, wakisifiwa.

Wenzangu niliowasimulia waliniuliza swali lile lile, nalo ni swali la haki: kama unamwacha aseme «batoto», atajifunza lini kuandika «watoto»? Mitihani haitamsamehe. Jibu langu ni kwamba tunachanganya kusoma na kuandika. Anayesoma kwa sauti anatuonyesha kama ameelewa, na hapo lugha yake ni shahidi wetu. Anayeandika anawaandikia watu wasiomwona, wa Kalemie, wa Bukavu, wa Dar es Salaam, na hapo yapo makubaliano ambayo lazima ayajue. Katika imla «watoto» ni lazima iwe «watoto». Mtoto ana haki ya kufundishwa hivyo waziwazi, badala ya kuadhibiwa kwa jambo ambalo hakuna aliyemweleza.

Kwa hiyo nilijaribu kulieleza. Niligawa tablo katika safu mbili. Juu ya moja nikaandika «kwetu», juu ya nyingine «kitabu». Batoto, watoto. Bantu, watu. Bitabu, vitabu. Ni jedwali lile lile la ulinganifu tunalochora hapa fakulte, isipokuwa nyota na namba za ngeli. Sikutegemea lingewavutia hivyo. Walianza kuleta maneno yao wenyewe, na aliyeniletea ba- ya tatu nilimwona anacheka kabla hajaisema. Mmoja akapaza sauti kutoka nyuma: «Bukari!» Nikauliza kitabu kinasemaje. Akafikiri: «Ugali.» Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote juu ya ngeli ya 14.

Siku iliyofuata nilikusanya makaye, na katika sentensi juu ya familia nikakuta: «Wawa yangu anafanya kazi.» Sita waliandika hivyo. Wengine wawili waliandika «vivi» kwa bibi. Nilikuwa nimewapa kanuni, nao wameitumia kwa uaminifu: b ya kwetu ni w ya kitabu. Mimi nilipoifundisha, kichwani mwangu kulikuwa na neno «kiambishi awali». Wao hawakuwa na neno hilo, nami sikuwapa chochote mahali pake. Ilinichukua usiku mzima kutafuta namna ya kumweleza mtoto wa miaka saba kiambishi bila kukitaja. Mwishowe nilisema hivi: tunabadilisha tu kile kipande kinachobadilika mmoja anapokuwa wengi. Mutoto, batoto: kipande cha mbele kimebadilika, basi hicho ndicho tunachokibadilisha. Baba mmoja ni baba. Akija wa pili, hiyo ba ya baba inabaki mahali pake, basi tuiache. Wengi walielewa. Bukari haikuitii kanuni hiyo, kwa sababu haina mmoja wala wengi, na niliwaambia waikumbuke tu hivyo hivyo. Sikupata njia bora. Kama kuna mwalimu wetu mwenye njia nyingine, ningefurahi kuisikia.

Ninayajua mapungufu ya haya niliyoyaeleza. Ni darasa moja, majuma sita, na mwalimu mwenye uzoefu ambaye angeweza kufanya yote hayo bila mimi. Mtu aliyeachwa peke yake na watoto 71 hawezi kumwandikia kila mmoja alichosoma neno kwa neno. Madamu mwenyewe hufanya hivyo kwa watoto watano tu kwa siku, wakati wengine wananakili. Tena watoto hao hao wanangojewa na Kifaransa, ambako herufi u waliyoizoea haitasomwa tena kama walivyozoea. Hayo ni ya makala nyingine. Langu ni kwamba staji yetu itufundishe kumsikiliza mtoto mmoja mmoja kabla ya kutufundisha kujaza fishi, na kwamba sisi wa lugha za Kiafrika tuna chombo cha kusikilizia ambacho wanafunzi wa fakulte nyingine hawana. Tumezoea kukitumia kwa wazee vijijini wanapotusimulia hadithi. Darasani tunakiacha mlangoni pamoja na mwavuli.

Yule msichana hakuinua mkono kwa siku tisa baada ya lile zoezi. Nilizihesabu. Nilimwomba radhi, naye aliitikia «ndiyo, Madamu» kama mtoto yeyote anavyomwitikia mtu mzima, na hakukubadilika kitu. Kilichobadilika kilikuja baada ya zile safu mbili. Katika juma langu la mwisho nilisimama mbele ya darasa kutoa imla. Kalamu zote zilikuwa tayari. Aliinua mkono, bila kungoja nimtaje.

«Madamu mudogo, tuandike ya kitabu ao ya kwetu?»

Nikasema: ya kitabu. Akainamisha kichwa kwenye kaye yake, na jirani yake, aliyekuwa ameshaandika neno la kwanza, akaomba kifutio.